Kipande cha Odongo

Kwetu mtu akifa husifiwa, hata akiwa mwizi wa kuku, kwa hiyo naona afadhali nimweleze Odongo akiwa bado hai na anaweza kunijibu. Anakaa Ruiru, ana miaka sabini na kitu, na ni mtu mgumu kupita kiasi. Ni mkaidi, ana kinyongo, hajui kuomba msamaha wala kuupokea. Nimepiga naye muziki tangu tukiwa vijana wa kiwanda cha nguo Thika, na sidhani uko mwaka niliowahi kuumaliza bila kutamani kumtia kofi. Mimi ni Kivuva, mpiga gitaa la besi. Kama hujawahi kusikia jina langu si ajabu, watu humkumbuka mwimbaji na gitaa la mbele.

Odongo alizaliwa Siaya, mtoto wa katekista. Baba yake ndiye aliyemfundisha kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi, na kila alipokosea alipigwa na kitabu cha nyimbo. Alikuja Thika kumtafuta mjomba aliyemwahidi kazi. Mjomba alikuwa amehama bila kumwachia hata salamu, lakini kiwanda kilikuwa kinaandika watu, naye akaandikwa katika sehemu ya kufuma, pale nilipokuwa mimi.

Kelele ya sehemu ile sijui nikuelezeje. Mashine zilipiga mfululizo tangu zamu ianze hadi iishe, na ukimfokea mtu sikioni aliona midomo tu ikicheza. Kwa hiyo tulisemezana kwa mikono. Kidole kimoja juu, leta uzi. Kiganja kikielekea chini, zima mashine. Na mtu mwenye kazi mikononi akiinua mkono wa kushoto, alikuwa anasema nimemaliza, sasa ingia wewe. Kabla hajauinua hukuingia, hata msimamizi awe nyuma yako anatoa povu, kwa sababu vidole vyako ndivyo vingebaki ndani. Tulizoea hivyo mpaka nyumbani tulikuwa tunawaonyesha wake zetu mikono badala ya kusema.

Gachau alikuwa fundi wa mashine, mtu wa Gatanga, mzuri wa sura na mwenyewe alijijua. Kiwanda kilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na ndani yake vyombo vya muziki vilivyonunuliwa, nadhani, ili tusiwe na muda wa kufikiria mgomo. Gachau akashika gitaa, akawa pia mwimbaji. Odongo akakaa kwenye kinanda, mimi nikachukua besi, na Kiama wa stoo akachukua ngoma. Tulijiita Zamu ya Tatu. Mwanzoni tulipiga nyimbo za kucheza, watu wakacheza, wakatoka jasho, wakaenda nyumbani wameridhika. Laiti tungebaki hapo.

Lakini karani mmoja alileta santuri za bendi za Ulaya zilizopiga roki ya ajabu. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri, ukaenda polepole, ukakimbia, ukasimama, ukageuka kitu kingine kabisa. Siku hizi vijana wanaiita prog. Gachau na Odongo walipatwa na ugonjwa huo kwa pamoja, na kwa muda walikuwa kama chanda na pete. Walikuwa wakibaki ukumbini baada ya zamu, njaa inawauma, wanatunga. Walichotunga ni wimbo mmoja mrefu kuliko ibada, na tukauita Uzi Mrefu. Besi yangu inaanza kama mashine ya kufuma. Gachau anaimba. Kisha wote tunashuka chini kabisa na Odongo anapiga kinanda chake peke yake, kipande alichokitoa mwenyewe kichwani, bila urefu maalumu. Akishiba anainua mkono wa kushoto, kama kazini, na hapo gitaa la Gachau linaingia na kupaa mpaka mwisho. Wachezaji wetu wa Jumamosi waliusikia wimbo huo wakakaa chini. Wengine walidai tuwarudishie jioni yao. Wanafunzi wa chuo kikuu, hata hivyo, waliupenda, na mmoja wao akatupeleka studio Nairobi.

Tulirekodi wimbo wote. Sisi watatu tukarudi kazini, na Gachau akaachwa kule amalizie mambo na watu wa studio. Wakamwambia wimbo haukai kwenye upande mmoja wa santuri, kitu fulani kitoke. Gachau akachagua kitoke nini. Odongo alikuja kujua hayo kantini, wakati wa chai, redio ikiwa juu ya kabati na wafanyakazi wote wamesimama kusikiliza wenzao. Gachau akaimba pale redioni, akamaliza kuimba, na papo hapo gitaa likaingia. Kinanda hakikuwapo. Watu wakapiga makofi. Odongo aliweka kikombe chake mezani, akarudi kwenye mashine kabla kengele haijalia.

Kesho yake alimfuata Gachau na kumuuliza kwa nini. Gachau akamjibu kwamba ilibidi, na kwamba watu wanapenda gitaa. Tangu siku ile Odongo hajamwambia Gachau neno moja kwa kinywa chake. Nchi imebadilisha marais, yeye hajabadilika. Wala hakuiacha bendi. Nilimuuliza siku moja kwa nini haendi zake kama amechukia namna hiyo, akasema nusu ya wimbo ni yake, na akiondoka Gachau atabaki nao wote.

Basi wakanifanya mimi kuwa posta. Tuko jukwaani, tumesimama karibu kiasi cha kukanyagana, halafu Odongo ananiambia nimwambie huyo kwamba gitaa lake limepanda sana. Nageuka namwambia Gachau. Gachau, ambaye amesikia kila kitu, ananiambia nimwambie mzee wa kinanda ashughulike na kinanda. Nageuka tena. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, husema wahenga, lakini nyasi angalau hazitumwi kupeleka ujumbe.

Mitumba ilipofurika sokoni kiwanda kilifungwa. Gachau alibaki Thika na shamba lake dogo. Odongo alihamia Ruiru na mkewe Jentrix, fundi wa kushona sare za shule, ambaye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba hiyo tangu zamani. Odongo akapata kazi ya kinanda katika kanisa moja la mtaani. Alipopewa nafasi ya kupiga wakati wa sadaka, vikapu vilizunguka vikarudi mbele na yeye bado hajamaliza, ikabidi shemasi avizungushe tena. Mchungaji hakulalamika siku hiyo. Alilalamika siku ya harusi, bibi harusi alipokwama mlangoni, shela inapeperuka, akingoja Odongo ashibe. Wakamshukuru kwa huduma yake na kumnunulia shuka ya Kimasai ya kumuaga.

Hayo ndiyo maisha yake, na ningeishia hapo kama si msichana mmoja anayeitwa Maxine. Huyu anaongoza okestra ya vijana kule Kahawa Sukari, fidla na tarumbeta na kila kitu. Aliikuta santuri yetu nyumbani kwa wazazi wake, akaipenda, akaona Zamu ya Tatu wafufuliwe wapige Uzi Mrefu mbele ya watu, wakisindikizwa na okestra nzima. Alimpigia Gachau simu. Gachau akanipigia mimi. Mimi nikaenda Ruiru, kama kawaida yangu.

Nilimweleza Odongo habari yote akiwa ameketi nje anamenya viazi. Aliuliza jambo moja tu, kama kipande chake kimo. Nikasema sijui. Jentrix akasema kutoka ndani kwamba kiwemo kisiwemo, yeye amelala kitanda kimoja na hicho kipande tangu aolewe na hajawahi kukisikia, na amechoka nacho.

Hakikuwemo. Maxine alikuwa ameunakili wimbo kutoka kwenye santuri, na angejuaje? Katika zoezi la kwanza, ndani ya ukumbi wa kanisa, Gachau alimaliza kuimba, na okestra ikaruka moja kwa moja kwenye gitaa. Vijana wale walipiga vizuri mpaka nywele zilinisimama. Odongo alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Walipomaliza aliniita, akaniambia nimweleze yule mtoto kwamba wimbo una tundu katikati.

Nikamweleza. Gachau akanikatiza nikiwa sijafika nusu.

"Watu wanajua wimbo wa rekodi," akasema. "Huyu mzee asituchanganyie watoto. Hicho kitu kilikufa kitambo."

"Mwambie kilichinjwa," Odongo akaniambia. "Kufa ni kitu ingine."

Sikumwambia, alikuwa amesikia. Maxine, ambaye ana subira kuliko umri wake, akaomba basi hicho kipande kipigwe tu, kisikike. Odongo akakipiga. Nilikuwa nimekisahau. Kilianza kama wimbo wa kanisani, ule wa baba yake, kisha vidole vikaanza kuuharibu polepole kwa makusudi, mpaka ukawa kitu cha kutisha na kizuri, na vijana wakaacha kuchezea simu zao. Nasema kweli ingawa simpendi, kilikuwa kizuri kuliko chochote tulichowahi kutunga. Gachau alikuwa ametazama dirishani muda wote.

"Iko poa sana, uncle," Maxine akasema. "But inaisha lini? Hawa wangu lazima wajue waingie wapi."

Tukamweleza habari ya mkono wa kushoto. Alicheka, akafikiri, akakubali. Okestra ingeshika sauti moja ya chini, mimi ningeendelea na besi ile ile chini yake, na Odongo akiinua mkono Maxine angeleta gitaa la Gachau na okestra yote nyuma yake. Gachau alinuna, lakini hakutaka kuonekana mtu mbaya mbele ya watoto. Alisema sawa, ila nimwambie asikae hapo siku nzima. Odongo akasema nimwambie huyo asiwe na wasiwasi.

Lazima nimtendee Gachau haki. Kwake pia hili halikuwa jambo dogo. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, na mkewe aliniambia kwamba kila asubuhi alikuwa akivilowesha kwenye maji moto ndipo aweze kushika nyuzi. Alijua kwamba hatapata siku nyingine kama hiyo. Aliita ukoo mzima, binti yake Warigia akasafiri kutoka Kanada, na wajukuu ambao hawajawahi kumwona babu yao akiwa na chochote mkononi isipokuwa jembe walishonewa nguo mpya. Wote walikuwa wanakuja kusikia gitaa lile la mwisho.

Tamasha lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja wa Thika, na ulijaa. Walikuja wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, waliobaki, wakiwa na makoti yao ya Jumapili. Walikuja wanafunzi. Ukoo wa Gachau ulichukua safu mbili za mbele. Jentrix alikaa nyuma karibu na mlango, na mkoba wake mapajani, kama mtu anayetarajia kuondoka kabla ya vurugu.

Tulianza vyema. Besi yangu ikaenda na ngoma za Kiama, fidla zikaingia chini yake, na nikahisi mashine zile za zamani zikiamka, safari hii zikiwa na adabu. Gachau aliimba kwa sauti iliyochakaa ambayo ilifaa wimbo kuliko ile ya ujana. Akamaliza. Tukashuka chini. Okestra ikashika sauti yake moja, na Odongo akaanza.

Alipiga kipande chake chote, kilekile cha zoezini, hakukosea hata mahali pamoja. Kilipofika mwisho Gachau alisogea mbele, akaweka mguu tayari, akapanga vidole vyake vibovu kwenye nyuzi. Maxine aliinua kifimbo chake na kumtazama Odongo. Sote tulimtazama Odongo.

Hakuinua mkono.

Alirudi chini, akapumua kidogo, kisha mkono wake wa kulia ukaanza kupiga muziki mwingine, na mara nikautambua. Alikuwa anapiga gitaa la Gachau. Ile sehemu ya mwisho, ile inayojulikana na kila mtu aliyewahi kuwa na redio, alikuwa anaipiga kwenye kinanda, kila noti, taratibu, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake huku mwenzake amekaa mezani. Watu waliitambua. Wazee wa kiwandani wakaanza kuifuata kwa midomo, halafu ukumbi mzima ukawa unaiimba kwa sauti ya chini.

Gachau alisimama pale na gitaa lake. Angeweza kuingia kwa nguvu, lakini hakuna aliyewahi kuingia kabla ya mkono, hata yeye hakuweza, mwili ulikataa. Aligeuka akanitazama. Akashusha kiganja chake, kikielekea sakafuni. Zima mashine. Nikizima besi Kiama anazima ngoma, Odongo anabaki hewani peke yake, na Maxine anaweza kuleta gitaa. Gachau alijua, na alijua kwamba ninajua.

Sikuzima. Nimebeba maneno yao tangu nikiwa na nywele nyeusi, hakuna aliyewahi kuniuliza kama naona mzigo, na siku ile nilitaka kuona mmoja wao akilipwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimtazama Gachau usoni na nikaendelea kupiga, na nakiri kwamba nilisikia raha.

Odongo alifika mwisho wa wimbo. Pale ambapo hapakubaki kitu cha kupigwa na yeyote, ndipo akainua mkono wa kushoto. Okestra nzima ikaangusha sauti ya mwisho, watu wakasimama, wakapiga kelele. Wengi waliamini ndivyo ilivyopangwa. Safu mbili za mbele zilibaki zimekaa. Mjukuu mmoja alikuwa anamuuliza Warigia kwa sauti guka, yaani babu yake, atapiga saa ngapi.

Nyuma ya jukwaa Odongo aliketi kwenye kiti akielekea mlango. Alivua koti, akakunja mikono ya shati. Alikuwa anangoja ngumi, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Aliyeingia ni Maxine. Alimwambia kwamba kilikuwa kitamu sana na kilikuwa cha roho mbaya, na kwamba hangependa kufanya kazi naye tena. Odongo alikuwa anachungulia nyuma yake. Gachau alikuwa ameshaondoka na watu wake kwa mlango wa upande.

Siku zilizofuata Odongo alinipigia simu mara kwa mara. Kila mara aliuliza huyo amesema nini. Nilimjibu hajasema kitu. Alidhani namficha. Mwishowe akanituma Thika, nikamuulize Gachau kama ana neno.

Nilimkuta Gachau kwenye sukumawiki zake. Alinikaribisha, mkewe akaleta chai, tukaongea habari ya magoti yangu na ya mvua. Nilingoja anitukane, maana nilistahili. Sikuvumilia, nikamwambia nimetumwa. Aliinama akaokota majani makavu.

"Mwambie alipiga vizuri," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimesahau vile hicho kipande chake kinaenda. Haikufaa nikitoe."

Nikauliza kama hakuna kingine. Akasema hakuna, gitaa amempa mjukuu, na kama napenda sukuma nichukue za kupeleka nyumbani.

Nilimfikishia Odongo maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa amesimama langoni ananisubiri, na Jentrix alikuwa mlangoni na nguo ya kushona mkononi. Akanitaka niyarudie. Nikayarudia.

"Hakutukana?"

"Hakutukana."

"Rudi," akasema. "Rudi umwambie nilifanya makusudi."

Nikamwambia anajua. Akasema nirudi hata hivyo, nimwambie kwamba nilikuwa nimepanga tangu zoezi la kwanza, kwamba hata kwenye godoro nilikuwa nafanya mazoezi ya gitaa lake. Alikuwa anasema nilikuwa, nilikuwa, kana kwamba Gachau ndiye aliyesimama mbele yake. Sikuwahi kumkatalia kazi hiyo hata mara moja. Siku hiyo nilimkatalia. Nilimwambia mimi nimestaafu, Thika si mbali, aende mwenyewe akaseme kwa mdomo wake.

Jentrix aliingia ndani akatoka na viatu vya mumewe, akaviweka chini mbele yake. Odongo alivitazama. Alishika nguzo ya lango akakaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee kweli.

"Nitamwambia nini?" akaniuliza.

Nilichukua mfuko wangu wa sukuma nikaenda zangu.